Baskeli iliyofichwa: kisa cha bibi wa Pemba aliyegongwa kwenye uwanja wa karafuu

Daftari la wagonjwa wa nje la hospitali moja ya wilaya kisiwani Pemba lina mstari mmoja tu juu ya bibi huyu: mwanamke, miaka 71, kaanguka uani, kavunjika mkono wa kushoto, kafungwa plasta, karuhusiwa. Aliyeuandika hakusema uongo. Bibi alianguka kweli na mkono ulivunjika kweli. Lakini aliangushwa na baskeli iliyopakia gunia la karafuu, na kwa kuwa baskeli haikutajwa, kichwa chake hakikuangaliwa. Wiki tatu baadaye ndara ya mguu wa kulia ilikuwa inamvuka njiani naye hana habari.

Kisa hiki nakiandika mimi, tabibu niliyempokea baadaye, kwa idhini yake na ya wanawe. Umri na mambo madogo ya kuwatambulisha nimeyageuza. Nakieleza kwa urefu kwa sababu naamini wako wengine kama yeye kwenye madaftari yetu, wamelala chini ya neno hilo hilo la "kaanguka".

Ilikuwa msimu wa karafuu, baada ya alasiri, na wingu limeshafunga upande wa bahari. Anayeijua Pemba anajua saa hiyo ilivyo. Karafuu zimeanikwa kwenye majamvi mbele ya nyumba, zimekaribia kukauka, na zikirowa tu kazi ya siku kadhaa imeharibika. Kila mtu anakimbilia jamvi lake. Bibi alikuwa ameinama, mgongo kauelekeza kwenye kijia cha kutokea mashambani, anazikusanya karafuu kwa ufagio kuelekea katikati. Kijia hicho kinateremka kutoka juu, kinapita pembeni mwa jiko la uani, na ukishalipita jiko tu, uwanja uko mbele yako, hatua kama kumi na mbili mpaka penye jamvi.

Kijana wa jirani, miaka 15, alikuwa anashusha karafuu mbichi. Gunia limelazwa kwenye keria, limefungwa kwa mpira wa tyubu. Naye pia alikuwa anawahi mvua. Breki ya mbele ilikuwa haipo siku nyingi, na ya nyuma raba zake zilikuwa zimelika mpaka chuma. Alipolipita jiko alipiga kelele, "Bibi, pisha!" Bibi akageuka kutazama sauti inatoka wapi, na kugeuka huko ndiko kulikomweka sawasawa na usukani. Ulimpata ubavuni. Akaenda chini upande wa kushoto, mkono ukatangulia, kichwa kikafuatia kwenye jiwe la msingi wa baraza. Kijana akaruka juu ya usukani, gunia likapasuka, karafuu mbichi zikachanganyika na kavu.

Hakuzimia. Jambo hilo watu wote waliokuwapo wanalikumbuka na wanalitaja kwa kujipa moyo. Lakini nilipowakalisha chini na kuwauliza alisema nini baada ya kuinuliwa, nilisikia kitu kingine. Aliuliza, "Karafuu zimeingizwa?" Wakamjibu, "Zimeingizwa, bibi." Kitambo kidogo akauliza tena, na akishajibiwa akauliza mara ya tatu. Walidhani ana wasiwasi na mali yake. Mtu aliyepigwa kichwa akawa anauliza jambo lile lile kana kwamba hakujibiwa, ubongo wake haushiki kumbukumbu mpya, na hiyo ni dalili ya jeraha la ubongo hata kama macho yako wazi na anatembea.

Kwa nini basi hospitali iliambiwa kaanguka? Jibu ni fomu ya polisi, PF3, na ujirani. Kila mtu anajua kuwa aliyeumizwa na mwenzake, au aliyepata ajali ya chombo, ataulizwa PF3. PF3 maana yake kituo cha polisi, na polisi maana yake kijana wa jirani ataitwa. Mama wa kijana alikuja siku ile ile analia, akapiga magoti mbele ya bibi. Watu wamezaliana, wanazikana, wanakopeshana pishi. Ikaamuliwa pale pale kwamba yamekwisha, na kwamba huko hospitali isemwe bibi kateleza. Mimi siwalaumu. Sitara kwa mtoto wa mtu ni jambo jema, na aliyekuwa na haki ya kusamehe alisamehe. Lakini ile habari iliyofichwa kwa ajili ya polisi ndiyo hiyo hiyo aliyokuwa anaihitaji tabibu, na hakuna aliyewaambia kwamba tabibu haiulizi kwa ajili ya kumshika mtu.

Hospitalini aliyejibu maswali alikuwa binti yake. Bibi mwenyewe alikaa kwenye benchi ameukumbatia mkono. Kuvunjika kwenyewe kulikuwa kwa kawaida sana: mfupa mkubwa wa mkono, juu kidogo ya kifundo, kipande cha chini kimesukumwa nyuma. Daktari Abraham Colles wa Dublin aliueleza mvunjiko huu mwaka 1814, kabla ya kuwapo eksirei, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Ukiuona kwa mwanamke aliyepita miaka sitini, mawazo yanakwenda mbio kwenye kuteleza: mifupa imekuwa laini, ameukinga mwili kwa kiganja, basi. Hadithi iliyosimuliwa na picha iliyoonekana zilikubaliana, na zikikubaliana hivyo hakuna kinachomsukuma mtu aulize zaidi.

Na kulikuwa na ushungi. Uvimbe ulikuwa juu ya sikio la kushoto, ndani ya nywele, chini ya ushungi aliokuwa ameubana kwa pini. Tabibu alikuwa mwanamume, chumba kimejaa, na bibi mtu mzima wa heshima. Hakumwambia avue. Naielewa haya hiyo, tena sipendi iondoke katika hospitali zetu. Dawa yake ni ndogo: mwite muuguzi wa kike, funga pazia, aupapase kichwa kizima kwa vidole, mbele mpaka kisogoni. Dakika mbili hazifiki.

Kingine ambacho hakikuulizwa ni dawa. Bibi ana presha, na pamoja na vidonge vya presha alikuwa anameza aspirini ndogo kila siku, kwa miaka. Aspirini huzuia chembe za damu zisigandamane. Kwa aliyekwisha kupata kiharusi cha damu kuganda ina faida yake, lakini mshipa mdogo ukipasuka kichwani, damu inachelewa kukata.

Alirudi nyumbani na plasta na panadoli. Wiki ya kwanza alilalamika kichwa, na kila mtu alisema ni mshituko. Wiki ya pili alianza kulala mchana, yeye ambaye tangu usichana wake halali baada ya adhuhuri. Halafu maneno yakaanza kumpotea. Alimwambia mjukuu wake amletee "ile ya kuchotea", akaonesha mtungi, kata akashindwa kuitaja. Wengine wakasema uzee umeingia. Wengine wakasema kapitiwa na upepo, akaandikiwa kombe na kusomewa. Sina neno na kombe wala na kisomo. Mgonjwa anasomewa akiwa nyumbani, na anasomewa akiwa kitandani hospitali. Lililoniumiza ni kwamba zile zilikuwa siku za damu kuongezeka.

Alipoletwa kituoni kwetu nilikuwa zamu. Alikuwa mzito, anajibu ukimrudia, na mkono wa kulia ukimwambia aunyanyue sambamba na wa kushoto unashuka polepole. Plasta bado iko kushoto, udhaifu uko kulia. Kiharusi kilikuwa cha kwanza kwenye mawazo yangu, kama kingekuwa kwa yeyote. Lakini kiharusi huja kwa ghafla, na huyu alikuwa anazidi siku hadi siku. Nikamuuliza binti yake bibi alivunjikaje mkono. Akanyamaza. Aliyezungumza ni mkaza mwana, aliyekuwa amesimama mlangoni: "Daktari, bora niseme. Hakuteleza. Aligongwa na baskeli, na kichwa kilipiga jiwe."

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Skani ya CT ilionesha damu nyingi upande wa kushoto, kati ya ubongo na utando mgumu unaoufunika, imeusukuma ubongo kuelekea kulia. Alipelekwa Unguja kwa upasuaji.

Inafaa kueleza jeraha hili linavyofanya kazi, maana ndilo linalodanganya familia na matabibu pamoja. Ubongo wa mzee hupungua ukubwa kadiri miaka inavyokwenda, fuvu halipungui. Nafasi inaongezeka, na mishipa midogo ya damu inayovuka kutoka kwenye ubongo kwenda kwenye utando inabaki imevutika. Pigo ambalo kijana angelisahau jioni yake linatosha kuuchana mshipa mmoja. Damu inavuja kidogo kidogo. Kwa kuwa nafasi ipo, haibani kitu kwa siku nyingi, na mgonjwa anaonekana mzima. Kisha lile donge linaanza kuyeyuka, linajijengea ngozi yake yenye mishipa dhaifu inayovuja tena, na ujazo unaongezeka. Kwa hiyo kichwa kinachouma zaidi wiki ya pili kuliko ya kwanza, usingizi usio wa kawaida, maneno kupotea, mguu mmoja kuburura au kiatu kuvuka, kutapika, kubadilika tabia, vyote hivyo kwa mtu mzima aliyepigwa kichwa ndani ya miezi miwili mitatu iliyopita vinataka skani. Visiachwe kwa kuwa wakati umepita. Jeraha hili lenyewe ndilo linalochukua wakati.

Tiba yake, ikiwahi, ni miongoni mwa zinazofurahisha katika upasuaji wa ubongo. Alitobolewa fuvu matundu mawili, ikatoka damu ya zamani, nyeusi kama oili chafu ya gari, pakasafishwa, na mrija ukaachwa ndani kwa siku mbili kuendelea kunyonya. Mrija huo una hesabu yake: utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kutoka Cambridge, Uingereza, ulionesha kwamba waliowekewa mrija damu iliwarudia asilimia 9.3, na wasiowekewa asilimia 24. Kesho yake bibi alikuwa anauliza nani anamlishia kuku. Wiki mbili baadaye mkono wa kulia ulikuwa unashika kikombe. Maneno yamerudi, isipokuwa akichoka huyatafuta kidogo. Nilipokwenda kumtazama nilimuuliza kwa nini hakutuambia mapema. Akasema, "Mie sikuulizwa, mwanangu. Aliulizwa huyu," akamwonesha binti yake kwa kidevu.

Je, kama baskeli ingetajwa siku ya kwanza, mambo yangebadilika? Nimelipima hili kwa uadilifu, maana ni rahisi kuhukumu ukishajua mwisho. Kanuni ya Kanada ya kuamua nani apigwe skani ya kichwa, iliyochapishwa mwaka 2001 na kutumika nchi nyingi, inahesabu kugongwa na gari kuwa ni hatari, baskeli haimo. Kwa hiyo neno "baskeli" peke yake lisingempeleka kwenye mashine. Lakini kanuni hiyo hiyo inamhesabu aliyefika miaka 65 kuwa yuko kwenye hatari kubwa, mradi alizimia, alisahau au alichanganyikiwa baada ya pigo. Bibi alichanganyikiwa, ameuliza mara tatu karafuu zimeingizwa au la. Angeulizwa aliyeshuhudia, angeingia. Na aliyeshuhudia asingeweza kuulizwa, kwa sababu katika hadithi ya kuteleza hakuna aliyeshuhudia. Hapo ndipo kuificha baskeli kulipotuumiza: ilifichwa pamoja na mashahidi wake wote.

Liko na suala la hesabu. Katika uainishaji wa maradhi wa Shirika la Afya Duniani, toleo la kumi lililopitishwa mwaka 1990, anayetembea kwa miguu akaumizwa kwa kugongana na baskeli ana alama yake, V01. Tarakimu inayofuata inatenganisha mahali: 0 ni nje ya njia ya umma, 1 ni kwenye njia ya umma. Kuanguka kuna alama nyingine kabisa, kuanzia W00 hadi W19. Mtu aliyeangushwa na chombo huhesabiwa kwa chombo, hata kama kilichomvunja ni ardhi. Na njia ya umma hapo si lami tu. Ni pahala popote ambapo watu wote wana haki au desturi ya kupita. Vichochoro vya Mji Mkongwe, ambamo gari haiingii, kwa maelezo hayo ni njia ya umma. Kiwanja cha skuli si njia ya umma, wala bohari, wala uwanja wa mtu wa kuanikia. Atakuwepo wa kusema kijia cha bibi kinapitwa kwa desturi. Kinapitwa, lakini kinakoma pembeni mwa jiko, na jamvi lilikuwa ndani ya uwanja wake. Kisa chake ni V01.0.

Nalitia mkazo hili kwa sababu naliona faida yake jirani kabisa. Anayeanguka kutoka kwenye mkarafuu anajulikana. Hospitali za Pemba zinamtarajia kila msimu, anaulizwa kaanguka kutoka urefu gani, shingo inakingwa kabla hajasogezwa, na Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar limekuwa likitoa fidia kwa wanaoanguka wakichuma. Janga hilo lina jina. Anayegongwa chini ya mkarafuu ule ule, na karafuu zile zile zikishushwa, hana jina wala safu kwenye ripoti. Si ajali ya barabarani, kwa hiyo haiwahusu watu wa usalama barabarani. Si mchumaji. Ni bibi aliyeteleza.

Kuhusu baskeli yenyewe nilimwomba fundi wa pale kijijini aniangalizie, naye alikunja uso kabla hajaigusa. Baskeli ile ya chuma peke yake ni kama kilo 20, kijana kama 50, gunia kama 50. Karibu nusu ya kilichomgonga bibi ilikuwa karafuu. Kwa mwendo wa kilomita 14 kwa saa, mwendo wa kawaida tu wa kuteremka, unakwenda karibu mita nne kila sekunde. Kutoka kuona mpaka mkono kubana breki kunapita sekunde moja na ziada, yaani mita nne au tano zimeshakwenda. Kwa breki nzima na ardhi kavu ungesimama ndani ya mita mbili au tatu zaidi. Kwa raba zilizolika, mzigo nyuma na mteremko, unahitaji mara mbili au tatu ya hizo, na kati ya jiko na jamvi hazikuwapo. Mzigo ukiwa nyuma sana pia huiinua baskeli mbele, gurudumu linakuwa jepesi, usukani unayumba, hata kukwepa hakuwezekani.

Raba za breki ni kitu cha bei ndogo sana. Fundi alizifunga zote nne na waya mpya wa breki ya mbele siku ile ile, na baba wa kijana alilipa bila kuulizwa. Wanawe bibi nao wamelihamisha jamvi upande wa pili wa nyumba, na pembeni mwa jiko wamelaza gogo la mnazi, ili anayekuja na baskeli ashuke aikokote. Nadhani gogo litasaidia kuliko kengele. Bibi alisikia kelele, na kusikia ndiko kulikomgeuza.

Amebaki kijana. Wiki tano na zaidi hakuna aliyemuuliza kama naye kaumia. Kwa woga na aibu alikuwa anachota maji kwa mkono mmoja. Nilipomwita nilimbonyeza kwenye kile kishimo kilicho chini ya kidole gumba, kwa nyuma, akauvuta mkono. Picha ilionesha ufa kwenye mfupa mdogo wa kifundo ambao huvunjika mtu akiangukia kiganja, na ambao siku za mwanzo mara nyingi hauonekani kwenye eksirei. Damu inauingia kutokea upande wa mbali, kwa hiyo ukiachwa bila kufungwa kipande cha karibu kinaweza kufa, na kifundo kikabaki kibovu utu uzima wote. Amefungwa plasta. Itakaa wiki nane mpaka kumi na mbili, na nimemwambia baba yake asimpe gunia hata baada ya hapo mpaka tupige picha nyingine. Kwenye kadi yake sikuandika kaanguka. Niliandika kagongana na mtu wa miguu akiwa anaendesha baskeli, nje ya njia ya umma, V10.0, na siku hiyo hiyo nikampigia simu mwenzangu wa ile hospitali ya wilaya, tukakubaliana kwamba mstari wa bibi nao urekebishwe.